Grisi ya Bunduki ya Babu

Jumamosi, 14 Juni

Iandikwe mwanzo kabisa, ijulikane: hapa Muscat, kutoka Hail mpaka Ansab, hajazaliwa mtu anayeijua grisi kunishinda miye. Nifunge macho kwa kilemba, nipake tone nyuma ya sikio, ntakutajia gari ilikotoka, mwaka wake, na kama mwenyewe anapenda kupiga honi. Wajapani wakiunda gari jipya hujiuliza kwanza, "Muatasim wa Mawaleh ataionaje hii?" Wanajiuliza kimoyomoyo, maana ni watu wa haya.

Darasa la kumi niliondoka, au darasa liliniondokea. Hadithi ziko mbili na zote zina mashahidi. Tokea hapo nafanya kazi kwenye duka la Mjomba Yaqoob la kubadilisha oili, Mawaleh, nyuma ya pale palipokuwa soko la mboga. Soko limehamishwa, malori ya matunda hayapiti tena, tumebaki sisi na joto. Nafasi ya kuandika nnayo.

Na naandika kwa sababu leo nimepewa kazi ya heshima. Dada yangu Alaa anaolewa mwezi wa kumi, joto likishavunjika. Siku hiyo wanaume watacheza razha, ngoma ya mapanga, na Babu Msellem, baba yake mama, atatoka na bunduki yake. Haipigwi. Sheria haitaki, risasi hatuna, na rukhsa yake ni ya kuiweka na kuibeba tu. Lakini nyumba yetu ina desturi yake: mzee wa bi harusi anasimama mbele ya wanaume wote, anaivuta bolti, kile chuma cha kupakilia risasi, nyuma kwa mkono mmoja, watu wanaona tumbo la bunduki tupu. Ndipo ngoma inapoanza, na bunduki inarushwa juu na kudakwa. Bolti ikikwama mbele za watu, mtoto wa kwanza wa bi harusi atakuja kusimuliwa.

Na bolti imekwama. Aliyekuwa akiipaka bunduki ile ni Bibi Thuwaiba, mke wa Babu. Alifariki mwaka jana wakati wa baridi, na tokea alipoanza kuumwa haijaguswa. Grisi imekauka kama bigijii chini ya dawati.

Babu kaniita chumbani kwake, bunduki iko mapajani.

"Nataka iende kama alivyoiacha mwenyewe," akanambia. "Na inukie kama alivyoiacha."

"Inukie nini, Babu?"

"Ningelijua jina lake ningelimtuma mtu dukani." Akaipapasa. "Siku ya Alaa nataka nikiiweka shavuni, nimkute."

Nikamwambia ahesabu imekwisha. Pua hii, nikamwambia, haijawahi kushindwa na kopo.


Jumatatu, 16 Juni

Nimeisafisha nzima, chuma na mbao. Petroli, tina ya kuyeyushia rangi, tambara, na mswaki wa Alaa ambao mwenyewe hajui. Ni bunduki ya Kibelgiji, kongwe kuliko mama. Ukivuta kifyatuo inatoa risasi moja, kisha moshi wa risasi ile ile unaisukuma bolti nyuma na inajipakia nyengine. Kwa hivyo ndani yake kumejaa vitu vya kuteleza. Nimevitoa vyote, nimevipanga juu ya gazeti kwa zamu, nimevirudisha, na hakikubaki hata kimoja mkononi. Ulizeni mafundi wangapi wanaweza kusema hivyo.

Imeng'aa mpaka paka wa jirani kajiona akakimbia.

Babu kaiweka shavuni, kakaa nayo kidogo. "Hamna kitu," akasema.

"Harufu itakuja na grisi, Babu. Bunduki hunukia grisi yake."

Kanitazama muda. "Haya," akasema.


Ijumaa, 20 Juni

Nimeanza na mafuta ya cherehani ya mama. Asubuhi bolti ilikwenda kama ulimi wangu. Baada ya sala ya Ijumaa mafuta yote yameshuka, yako kwenye zulia. Joto hili mafuta membamba hayakai, yanakimbia kama mimi siku za mtihani.

Babu kanusa. "Hii cherehani," akasema.


Jumatano, 25 Juni

Joto. Hata nzi wanatembea kwa miguu.


Ijumaa, 27 Juni

Nimekuja na ile grisi nyekundu ya bearing, malkia wa duka letu. Haiyeyuki, haikimbii. Unaipaka kwenye gurudumu la lori, lori linakwenda Salala na kurudi, yeye yupo pale pale kama mgeni wa Idi.

Mjomba Yaqoob kaniona nikijaza kikopo. Yeye ni mtoto wa kiume pekee wa Babu, anakaa Ansab kwenye nyumba ya ghorofa, na siku zote anasimama kama mtu anayepigwa picha.

"Ya nini hiyo?"

"Ya bunduki ya Babu. Siku ya harusi."

"Mzee mikono inamtetemeka, Muatasim. Ntaibeba miye."

"Kwani Babu kasema hivyo?"

"Wewe pima oili ya ile gari."

Nimepima oili ya ile gari. Lakini nimeshaelewa. Anaitaka bunduki, na anaitaka na Babu yuko hai. Kuna watu hawawezi kusubiri hata chai ipoe.


Jumamosi, 5 Julai

Upepo wa gharbi siku mbili mfululizo. Unatoka bara, unapita juu ya mawe na mchanga, ukifika huku umekuwa kama mtu amefungua tanuri usoni mwako kisha akakusahau. Vumbi limeingia mpaka kwenye friji.

Limeingia na kwenye bunduki. Malkia wangu mwekundu kalikamata lote, maana ananata. Ukivuta bolti unasikia mchanga unavyosagika, kama mtu anakula wali ambao haukuchaguliwa. Nimefuta yote, nimeanza upya.

Babu kanusa tambara. "Hii lori," akasema. Hakukasirika. Kanimiminia kahawa.


Ijumaa, 11 Julai

Leo niandike kwa sauti ndogo.

Ipo grisi nyeusi, yenye unga wa madini ndani yake, inabeba uzito mkubwa kuliko zote. Nikafikiri, vijana wa jeshi wa zamani bila shaka walipaka hii, na Bibi kaiga kwao. Nikapaka kwa mapenzi. Haikukwama, haikukimbia. Ilihama. Imehamia kwenye kanzu nyeupe ya Babu, kutoka kwenye kanzu mpaka kwenye mto, kutoka kwenye mto mpaka kwenye shela la harusi la Alaa lililokuwa limetandikwa pale lipigwe picha.

Pelagia ndiye aliyeliona. Pelagia ni dada anayetusaidia nyumbani, anatoka Moshi, na ndiye aliyemuuguza Bibi mpaka mwisho. Ana mdomo. Pengine ndiye pekee Muscat nzima ambaye nikishindana naye nalala sina raha.

"Kaka Muta," akaniita kutoka ukumbini, taratibu kabisa. "Njoo uone kazi ya fundi mkuu."

Nikaenda nikaona.

"Hiyo siyo grisi," akasema. "Hiyo ni kesi."

"Itatoka na sabuni."

"Wewe ndiye utatoka. Dada Alaa anapanda ngazi."

Alaa hakupiga kelele. Kanitazama tu, kisha kaniuliza mswaki wake mbona unanuka petroli. Yote siku moja. Nimelala kwenye gari.


Jumamosi, 12 Julai

Shela limetoka doa. Pelagia kalitoa kwa mafuta ya kula na sabuni ya vyombo, anasema nimshukuru Mola, si yeye.


Jumapili, 20 Julai

Mchana. Watu wote wamelala, nyumba imefunga macho. Kiyoyozi cha Babu kinanguruma, kinanyamaza, kinanguruma, kama mtu anayetaka kusema neno anaghairi. Mapazia yamefungwa lakini jua limepita, limechora mstari mweupe juu ya ukuta, na ndani ya mstari ule vumbi linazunguka polepole. Nimekaa chini, bunduki mbele yangu, vikopo vyangu pembeni. Babu kitandani. Sijui kama alikuwa macho. Sijui kama miye nilikuwa macho.

"Anaipaka Alkhamisi," Babu akasema. "Baada ya alasiri."

"Nani?"

"Bibi yako. Anatandika mkeka pale uliopo. Anapaka huku anazungumza na watu kwenye simu, simu kaibana hapa." Akaonyesha bega. "Hamna siku aliyoniuliza imekaaje. Miye mwanajeshi, yeye hajawahi kupiga hata kombeo. Lakini akiipaka yeye, inakwenda."

"Alipaka nini, Babu? Kumbuka rangi tu."

"Kopo la maziwa ya unga. Ndani sijui. Miye nilikuwa natazama mikono."

Mstari wa jua umeshuka mpaka kwenye mtutu.

Nikajaribu kukumbuka na miye. Nilikulia kwenye chumba hiki. Nilikuwa naingia nikitoka skuli, najitupa juu ya mkeka, na harufu ilikuwepo, wala huitafuti, kama sauti ya friji. Sasa nikiifuata inarudi nyuma. Inafika karibu na tamu, karibu na moshi, karibu na kitu cha mvua, kisha inaingia mlango ambao siujui. Nilinusa kopo hili, nikanusa lile, nikalala katikati ya vikopo. Nikamuota Bibi anapita ukumbini na kikapu cha nguo, anasema, "Huyu kalewa grisi," anaruka miguu yangu, anakwenda zake. Nilipoamka pua ilikuwa imejaa. Kisha ikawa tupu.

Babu alikuwa ananitazama.

"Umemuona?" akauliza.

Nikasema hapana. Sijui kwa nini.


Ijumaa, 1 Agosti

Grisi nyeupe, ile ya bawaba na vitasa, nimeichanganya na mafuta ya karafuu. Fikra ya kibingwa: Bibi kwao Pemba, Pemba ni karafuu, basi. Nimeikoroga kwa kijiko kama keki.

Babu kanusa, kafumba macho, nikaona sasa nimepata.

"Daktari wa meno," akasema.

Na jioni mafuta yamejitenga, grisi imebaki juu kama ukoko. Karafuu na grisi hawasemezani.


Jumanne, 5 Agosti

Leo pia hamna.


Jumamosi, 9 Agosti

Mpaka sasa Babu ameshahukumu hivi. Ile ya rangi ya buluu: "Dubai." Ile iliyotoka kwenye boksi la kijeshi, aliyonipa mteja mmoja: "Kambi. Lakini kambi ya watu wengine." Ile niliyotia udi: "Msiba." Vaselini: "Mtoto wako anaumwa?" Samli, na hii nilikuwa nishachoka: kanitazama tu, akamwita Pelagia alete mkate.

Pelagia kacheka mpaka kaegemea mlango. "Kaka Muta, mwisho utaipaka mchuzi."

"Wewe ulikuwa naye kila siku. Hukuona alikuwa anatia nini?"

Kaacha kucheka. "Nilipokuja mimi Bibi alikuwa hawezi tena kushika. Mimi nilimkuta na mikono mitupu," akasema. Kisha kachukua sahani.

Ajabu ni kwamba kila jioni nikirudi kazini Babu ameshavaa kofia, amekaa, anangoja. "Leo umekuja na nani?" ananiuliza, kana kwamba vikopo ni wageni. Anakinusa kila kimoja kwa adabu. Zamani nilikuwa nikirudi nakwenda moja kwa moja chumbani kwangu na simu. Sikuwahi kujua Babu ana utani.


Jumatatu, 18 Agosti

Unyevunyevu. Ukitoka nje miwani inapofuka. Kuta zinatoka jasho, bunduki inatoka jasho. Nimeona tone la kutu karibu na bolti, dogo kama jicho la sisimizi. Nimelifuta kabla Babu hajaliona.


Ijumaa, 22 Agosti

Mjomba Yaqoob kaja kwetu Hail mchana, peke yake, bila ya kupiga simu. Nikasema haya, kaja kuchukua bunduki. Nikasimama mlangoni mwa Babu kama askari wa benki.

"Pisha," akasema.

"Babu kalala."

"Sikuja kwa Babu."

Kakaa chini kwenye zulia na suruali yake ya pasi. Katoa mfukoni kichupa, kanipa. Ndani mna grisi laini, nyepesi, rangi ya tui lililotiwa maji.

"Hii ya sintetiki," akasema. "Haiyeyuki kwa joto letu, haikauki, hainati. Wanapaka kwenye mitambo midogo. Lakini wewe unapaka kama unasiliba ukuta. Grisi unatia pale chuma kinapoteleza juu ya chuma, nyembamba, kama mwanamke anavyopaka mdomo. Kinachozunguka kitie tone la oili. Na panapopita moto, acha pakavu."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua."

Tukaifungua pamoja. Akashika yeye, nikapaka miye, kisha nikashika miye akapaka yeye. Mikono yake inajua njia. Nikamuuliza kajifunza wapi, akasema, "Mama alikuwa akinipa nimshikie." Kisha, hakuniuliza wala sikumuuliza, akainama akanusa mbao, pale kitakoni, haraka haraka, kama mtu anayeiba.

"Kwangu kule Ansab nimejaribu na miye," akasema. "Nimenunua marashi sijui mangapi. Mke wangu anadhani nna mwengine."

Nilitaka kucheka nikaona uso wake.

"Siitaki bunduki, Muatasim. Naogopa isije ikamponyoka mbele za watu. Wewe hujamuona akinywa maji?"

Nimemuona. Anashika gilasi kwa mikono miwili.

Nimekaa nafikiri juu ya Mjomba mpaka magharibi. Nilimsoma vibaya, kama nilivyosoma kila kitu skuli.


Jumamosi, 13 Septemba

Wiki tatu za grisi ya Mjomba. Joto limepita juu yake, vumbi limepita, unyevunyevu umepita. Leo nimeivuta bolti kwa kidole kimoja. Imekwenda nyuma bila ya sauti, imerudi, na mwisho wa safari ikasema tak, kama mzee anayeweka bao. Nilirudia mpaka mama akasema basi.

Nimempa Babu. Mikono ikitetemeka vile vile, kaivuta. Imekwenda. Kacheka kwa meno yote yaliyobaki.

"Imekuwa bunduki," akasema.

Kisha kaiweka shavuni. Nilikuwa nahesabu matundu ya kiyoyozi.

"Na harufu, Babu?"

"Harufu iko safarini," akasema, akanipiga bega.

Bingwa wa grisi miye. Nimepata ile inayokwenda. Bado ile inayonukia, na siku zimebaki kidogo.


Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi kulikuwa na upepo mwengine. Mwembamba, unatoka baharini, una ubaridi kwenye ncha. Watu wametoka nje wakasimama tu, kama wamesikia mtu anawaita.


Jumanne, 30 Septemba

Nyumba imejaa wanawake. Sina pa kukaa. Nimekula chakula changu kwenye ngazi, sahani mbili.


Alkhamisi, 2 Oktoba

Mchana wa leo, kabla ya alasiri, wamemkalisha Alaa kwenye mkeka chumbani kwa Babu, maana ndiko kwenye mwanga mzuri. Babu alikuwa msikitini. Mama anamtia mafuta ya nywele. Ni mafuta ya kupika nyumbani: nazi, maua ya vilua yaliyokaushwa, karafuu kidogo, na vitu ambavyo wanawake hawamwambii mwanamme. Mapazia yalikuwa wazi. Nywele za Alaa zimeanguka mpaka sakafuni, nyeusi, zinang'aa, na chumba kizima kimekuwa kama ndani ya ua.

Miye nilikuwa nimeingia kuchukua bunduki niifute kwa mara ya mwisho. Mama kamaliza, mikono yake inamiminika mafuta, anatafuta pa kuipangusa.

"Pangusa kwenye bunduki," Alaa akasema, anacheka. "Kama Bibi."

"Kama nini?" nikauliza.

"Si Bibi huyo huyo. Hukumbuki? Kila Alkhamisi akimaliza kunisuka, na yeye akimaliza zake, anachukua bunduki anaipangusia mikono. Huku mbele, huku kwenye shavu. Anasema mbao nayo ina kiu." Akageuka. "Ndipo anapofungua kile kikopo cha grisi. Grisi ilikuwa ya gari tu, Muta. Mjomba alikuwa akimletea kutoka dukani kwenu."

Mama akasema kweli, hata yeye alikuwa kasahau. Wakaendelea kuzungumza habari za hina.

Nilikaa chini. Hakuna aliyeshangaa, maana siku hizi nakaa chini popote na bunduki ile. Haikuwa grisi. Majira yote ya joto natafuta kwenye vikopo kitu kilichokuwa kwenye mbao. Ni nywele. Ni mafuta ya nywele za Bibi, Alkhamisi juu ya Alkhamisi, tokea Babu yuko jeshini, yameingia kidogo kidogo ndani ya mbao mpaka mbao ikawa yeye.

Na mbao ile niliikausha kwa tina mwezi wa sita mpaka ikawa nyeupe kama mfupa.

Nimechukua mafuta yaliyobaki kwenye bakuli. Nimesugua mbao mpaka adhana ya alasiri. Imekunywa yote. Nikatia tena, ikanywa tena.


Ijumaa, 3 Oktoba

Harusi.

Baada ya alasiri wanaume walipanga safu mbili mbele ya nyumba, kanzu nyeupe, mapanga, vilemba vya kila rangi. Ngoma zilikuwa kimya zinangoja. Jua lilikuwa la njano na laini, lile la mwanzo wa baridi, kila kitu kimekuwa na kivuli kirefu, hata watoto. Babu akatoka. Kavaa hanjari yake kiunoni, bunduki mkononi. Mjomba Yaqoob nyuma yake hatua moja, mikono kaiacha tayari, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Babu akasimama katikati. Akaishika bolti, akaivuta.

Wallahi, hamna aliyesikia kitu. Ilikwenda kama pazia la hariri. Wazee wa mbele wakaangalia ndani, tupu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema, "Nani kaipaka hii?" Mjomba akasema kwa sauti, "Muatasim." Jina langu, mbele ya safu mbili za wanaume. Nilitaka siku isimame pale.

Kisha Babu akaiweka shavuni.

Akafumba macho. Ngoma zinangoja. Nilikuwa karibu, niliona pua yake inavyofunguka, inafunga, inafunguka, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi katika nyumba yake mwenyewe. Watu walidhani anasoma dua. Wakainamisha vichwa.

Akafumbua macho. Akageuka, akampa Mjomba bunduki.

"Cheza wewe, mwanangu," akasema.

"Baba, unaweza. Niko nyuma yako."

"Najua uko nyuma yangu. Cheza."

Ngoma zikalia. Mjomba kairusha, bunduki ikazunguka juu kabisa, ikang'aa kwenye jua, ikashuka, akaidaka. Watu wakashangilia. Babu kaja kukaa kwenye kiti karibu yangu, kashika magoti yake. Kila aliyepita alimwambia, "Magoti, mzee, ndio hivyo," na yeye akaitikia, "Ndio hivyo."

"Nilitia mafuta ya nywele," nikamwambia sikioni. "Nimejua jana, Babu. Yalikuwa mafuta ya nywele."

"Nimeyasikia." Kasema kwa upole. "Mazuri. Yananukia Alaa."

"Ntapaka kila Alkhamisi."

"Paka."

"Itarudi?"

Babu kamtazama Mjomba anavyoirusha.

"Kwa watoto wa Alaa itanukia Alaa," akasema. "Hilo si dogo." Kisha kanishika mkono, akasema grisi yangu ni kitu kikubwa, hajapata kuona bolti inakwenda vile tangu alipokuwa kijana.


Jumamosi, 4 Oktoba

Nyumba kimya. Alaa keshakwenda. Pelagia anafagia maua ukumbini na hajanitania tangu asubuhi, kwa hivyo najua kaona siko sawa.

Nimeandika humu makosa mengi na kila moja nimelifanyia mzaha. Cherehani, malkia mwekundu, shela, samli. Hayo yote yametoka na sabuni. Moja sikuliandika.

Tarehe kumi na sita Juni, nilipomaliza chuma nikachovya tambara la tina nianze mbao, Babu alikuwa kitandani. Akasema, "Mbao iache. Bibi yako hataki ioshwe."

Hataki, alisema. Kama mtu aliyeko jikoni. Hakusema kwa ukali, alisema mara moja, nami nilisikia kila neno. Nikafikiri mzee kasahau kwamba Bibi amekufa. Nikamuonea huruma, nikatabasamu, nikaosha. Na majira yote ya joto kanusa kila kopo nililomletea, kavaa kofia akaningoja, na hajanikumbusha hata siku moja.